Shajara ya mradi: timu ya usafi ya jioni inahamia kwa mwajiri mpya

Jumatatu, 13 Januari 2025

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa stoo, palepale zinapowekwa ndoo za deki: mkataba wa kusafisha jengo letu umechukuliwa na kampuni nyingine, na kuanzia tarehe 1 Aprili tutakuwa chini yao. Mistari minne na sahihi ya meneja wa mkataba, basi. Jengo ni la ofisi, hapa Birmingham. Tuko watu 34, tunaingia saa 11 jioni na kutoka saa 3 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Karibu nusu yetu tunaongea Kiswahili, cha Mombasa, cha Tanga, cha Bujumbura, cha Bukavu.

Hatujamaliza ghorofa ya kwanza, maneno yameshasambaa. Eti kila mtu ataomba kazi upya. Eti likizo ambayo hujaichukua imekufa. Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini Mombasa akasema mambo haya yeye anayajua: hoteli yao ilipouzwa walilipwa chao, wakaachishwa kazi, kisha wakaandikwa upya kwa mshahara mdogo zaidi, kama wageni. Kwa nini afikiri hapa ni tofauti, wakati hakuna aliyemwambia lolote?

Ndiyo maana nimeanza shajara hii usiku huu. Nitaandika kila swali tunalouliza, tarehe yake, na jibu lililotoka, limetoka lini na kwa nani. Lengo la mradi ni kwamba ikifika 1 Aprili kila mmoja wa hawa 34 awe anajua anahama na nini, atalipwa lini, na akikwama amwone nani.

Alhamisi, 16 Januari

Sheria inayotuhusu huku huitwa TUPE. Ni kanuni za mwaka 2006 zilizochukua nafasi ya zile za 1981, na chimbuko lake ni agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1977. Uingereza imetoka Umoja wa Ulaya lakini kanuni zimebaki.

Msingi wake ni rahisi kuueleza. Biashara ikihamia kwa mwajiri mwingine, au kazi ya huduma kama hii yetu ikihamishwa kutoka kwa mkandarasi mmoja kwenda kwa mwingine, wafanyakazi waliopangiwa kazi hiyo wanahama nayo, na mikataba yao inahama kama ilivyo. Mshahara, saa, likizo iliyokwisha kupatikana, miaka ya utumishi, vyote. Huombi kazi upya. Mwajiri mpya anakuwa kama ndiye aliyekuajiri tangu siku ya kwanza. Akikufukuza, na sababu kuu ni huko kuhama, huko ni kufukuza kusiko halali.

Nimesoma kesi mbili ambazo nataka wenzangu wazijue, kwa sababu waliozifungua ni wasafishaji kama sisi. Ya kwanza ni ya Christel Schmidt, aliyekuwa akisafisha tawi la benki ya akiba huko Wacken, Ujerumani, peke yake. Benki ikaikabidhi kazi yake kwa kampuni ya usafi. Kampuni ikamwahidi mshahara mkubwa zaidi kwa mwezi, lakini yeye akapiga hesabu ya eneo jipya la kusafisha, akaona kwa saa analipwa pungufu, akakataa. Mwaka 1994 Mahakama ya Ulaya ikasema kwamba hata kazi ya msafishaji mmoja inaweza kulindwa na agizo lile. Ya pili ni ya Ayse Süzen, aliyesafisha shule huko Bonn. Mkandarasi wake alipopoteza mkataba, mahakama hiyohiyo, mwaka 1997, ikasema mkataba kubadili mikono hakutoshi, ikiwa mkandarasi mpya hakuchukua mali ya maana wala sehemu kubwa ya wafanyakazi. Mlango ukawa umefungwa nusu.

Kanuni za 2006 za hapa Uingereza ndizo zilizoufungua tena kwa watu wa huduma. Zimetaja waziwazi kwamba mkandarasi kubadilishwa ni uhamisho, alimradi kuna kundi la wafanyakazi lililopangwa mahsusi kumhudumia mteja huyo, na kazi si ya tukio moja tu. Timu yetu ya jioni ni kundi la namna hiyo. Hilo nimemwuliza meneja kwa maandishi, naye amekubali kwa maandishi. Dada wa Mombasa nimemsomea barua hiyo wakati wa chai. Akaniambia, "Isome tena pale penye mshahara."

Jumatano, 22 Januari

Leo meneja ametuambia hakuna haja ya wawakilishi. Atatuita ofisini mmoja mmoja, dakika kumi kila mtu, kwa sababu "sheria imebadilika".

Ni kweli imebadilika, lakini si kwa watu kama sisi. Kwa uhamisho unaofanyika kuanzia 1 Julai 2024, mwajiri anaruhusiwa kuzungumza na wafanyakazi moja kwa moja, bila kuitisha uchaguzi, katika hali mbili: awe na wafanyakazi wasiofika 50 kwa jumla, au wanaohama wawe chini ya 10. Na hata hapo ni kama hakuna wawakilishi waliokwisha kuwapo. Kampuni yetu ina mikataba miji mingi, na wanaohama hapa ni 34. Kwa hiyo kama hakuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, na kwetu hakipo, ni lazima wawakilishi wachaguliwe.

Mtu anaweza kuuliza, mmoja mmoja kuna ubaya gani? Ubaya nimeuona kwa macho. Kijana wa kwanza aliyeitwa alitoka akiwa na karatasi asiyoielewa, amejibu "ndiyo" kwa kila swali, kwa sababu aliketi peke yake mbele ya mtu anayempangia zamu. Mtu wa namna hiyo haulizi kuhusu likizo yake. Wakiketi watatu wenye orodha ya maswali ya wote, meneja huyohuyo anajibu kwa uangalifu zaidi.

Barua imekwenda leo kwa meneja, pamoja na vifungu vya sheria. Jibu nimeomba kabla ya Ijumaa.

Ijumaa, 31 Januari

Uchaguzi umefanyika. Sheria inamwachia mwajiri aamue idadi ya wawakilishi, ila wawe wa kutosha kusemea makundi yote, tumekubaliana watatu. Mgombea lazima awe miongoni mwa wanaoguswa na uhamisho, na hakuna anayeguswa anayeweza kuzuiwa kugombea bila sababu ya maana. Kila mpiga kura ana kura nyingi sawa na idadi ya wawakilishi. Kura iwe ya siri kadiri inavyowezekana, na zihesabiwe kwa usahihi.

Boksi la glavu lilifungwa kwa gundi, likatobolewa juu, likawekwa kwenye chumba cha chai. Kalamu moja, pazia la chumba cha mikutano. Kazi kubwa ilikuwa kabla ya hapo: orodha ya wapiga kura ilikuja na majina 31. Waliokosekana walikuwa dada aliye likizo ya uzazi, mama aliyefanyiwa upasuaji wa goti, na kijana aliyekwenda Bujumbura kumzika baba yake. Wote watatu ni wafanyakazi wa timu hii, na uhamisho unawagusa kama unavyotugusa sisi. Karatasi za kura zilitumwa nyumbani kwa wawili, na wa Bujumbura akapiga kura yake kwa barua pepe kupitia ofisi ya rasilimali watu.

Tumechaguliwa mimi, dada wa Bukavu anayesimamia ghorofa za juu, na bwana mmoja Mromania ambaye wenzake wanamwamini sana. Mwakilishi anayo haki ya kupewa muda wenye malipo kwa kazi hii, na haruhusiwi kuadhibiwa kwa kuifanya. Hayo nimewasomea wenzangu wawili, maana dada wa Bukavu aliuliza mapema kabisa, "Na mimi nikiongea sana, zamu zangu zitakuwa salama?" Swali la haki kabisa.

Jumatano, 12 Februari

Kikao cha kwanza. Tumepewa barua ya taarifa ambayo sheria inaidai: kwamba uhamisho upo, lini, kwa nini; athari zake za kisheria, za kiuchumi na za kijamii kwetu; hatua ambazo mwajiri wa sasa anatarajia kuchukua, na zile anazotarajia mpya, au kama hazipo, aseme hazipo. Pia idadi ya vibarua wa wakala wanaotumiwa, wako wapi na wanafanya kazi gani.

Barua yetu kwenye hatua za mwajiri mpya imeandikwa: "Hakuna zinazojulikana kwa sasa." Tumeuliza: ameulizwa lini? Meneja akapekua karatasi zake. Mwajiri mpya anawajibika kumpa wa zamani habari hizo kwa wakati, ili wa zamani aweze kutimiza wajibu wake. Imebaki wiki saba. Tumeomba awaandikie leo, nasi tupewe nakala.

Jambo la pili limechukua sehemu kubwa ya kikao, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linaloumiza watu kimyakimya. Mwajiri wa zamani lazima ampe mpya taarifa za kila anayehama, angalau siku 28 kabla ya siku yenyewe. Kwetu ni 4 Machi. Humo mna jina na umri, masharti ya kazi, adhabu na malalamiko ya miaka miwili iliyopita, kesi zilizopo na makubaliano ya pamoja. Mwajiri mpya hatakujua kwa sura. Atakujua kwa karatasi hiyo. Karatasi ikikosea, utaanza naye ukiwa umekosewa.

Tukaomba kila mtu aoneshwe mstari wake mwenyewe kabla haujatumwa. Wakakubali. Usiku huo mzee wa Tanga, ambaye wote tunamwamkia shikamoo na ndiye anayejua kila bomba la jengo hili, alisoma mstari wake mara mbili, akanirudishia. Tarehe ya kuanza kazi: Juni 2021.

"Hapa nimeingia 2013, mwanangu. Kampuni ndiyo iliyoingia 2021."

Nyongeza, 13 Februari: amekuja na mfuko wa plastiki wa dukani, umefungwa kwa mpira. Ndani mna hati za mshahara tangu mwanzo, zimepangwa mwaka kwa mwaka, za wakandarasi watatu tofauti, jengo moja. Ya kwanza ni ya Novemba 2013. Kila mkandarasi alipobadilika, yeye aliendelea na ghorofa zilezile bila kukosa hata wiki moja. Kisheria miaka hiyo yote imeungana. Mtu wa tangu 2013 akiachishwa kazi anadai notisi ya wiki moja kwa kila mwaka kamili, hadi wiki 12. Wa tangu 2021 anadai wiki chache tu. Malipo ya kupunguzwa kazini nayo huhesabiwa kwa miaka. Tarehe moja iliyoandikwa vibaya katika uhamisho uliopita ilikuwa imemfutia karibu miaka minane, na hakuna aliyeigusa kwa sababu hakuna aliyemwonesha.

Tulipokagua, wengine sita walikuwa na kosa la namna hiyohiyo.

Alhamisi, 20 Februari

Maswali ya vibali. Wapo wanaoogopa kwamba kubadili mwajiri ni kuanza upya na uhamiaji. Nimewajibu hivi: ukaguzi wa haki ya kufanya kazi uliofanywa na mwajiri wa sasa unahama, na mwajiri mpya anapewa siku 60 tangu uhamisho kufanya wa kwake. Kwa hiyo wataombwa kuonesha tena hali zao. Wasishtuke, na wasipuuze. Kwenye timu yetu hakuna aliyedhaminiwa viza na kampuni. Angekuwapo, kuna taarifa za ziada ambazo mdhamini mpya hutakiwa kuipa serikali ndani ya siku 20 za kazi, na hapo ningemtuma kwa mwanasheria wa uhamiaji moja kwa moja.

Pensheni: zilizokwisha kuwekwa zinabaki kwa jina lako. Mafao ya uzeeni ya mfuko wa mwajiri hayahami kama mshahara unavyohama, ila mwajiri mpya lazima awaandikishe wanaostahili kwenye mfuko wake. Kila mtu atunze barua ya mfuko wa zamani.

Alhamisi, 27 Februari

Hatua za mwajiri mpya zimefika, zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kwanza, mshahara utalipwa mara moja kwa mwezi, siku ya mwisho ya kazi. Sasa tunalipwa kila baada ya wiki mbili, Ijumaa. Pili, zamu itasogezwa, saa 1 usiku hadi saa 5 usiku. Tatu, kila mtu ataingia na kutoka kazini kwa programu kwenye simu yake inayosoma uso.

Karatasi inaziita "mabadiliko ya kiutawala", na meneja wetu anaona zimeshatosha kwa kutangazwa tu. Hapa ndipo shida yote ya uhamisho ilipo, na nataka iandikwe wazi. Kutaarifu na kushauriana ni wajibu mbili. Kila mwajiri lazima ataarifu. Kushauriana, yaani kuketi kwa nia ya kufikia makubaliano, kusikiliza hoja, kuzijibu, na zinapokataliwa kutoa sababu, huwa lazima pale ambapo mwajiri wa anayeguswa anatarajia kuchukua hatua zinazomgusa. Lakini hatua hizi si za mwajiri wetu wa sasa, ni za yule ajaye, na kabla ya 1 Aprili sisi bado si wafanyakazi wake. Kwa hiyo mwenye hatua hashikwi na wajibu wa kuketi nasi sasa, na aliye na wajibu hana la kuamua. Naliona ni tundu kubwa kwenye sheria, maana yale yanayomuuma mfanyakazi mara nyingi hutoka upande wa mpya.

Tumeandika barua mbili. Moja kwa meneja wetu, kwamba amlete mwajiri mpya mezani. Nyingine kwa mteja, mwenye jengo, ambaye ndiye aliyetangaza zabuni na ndiye asiyetaka vyoo vichafu asubuhi ya 2 Aprili. Kuhusu "kiutawala" tumetaja kesi ya Todd na Strain, ya nyumba ya wazee iliyouzwa huko Scotland, iliyoamuliwa mwaka 2010. Baraza la rufaa la kesi za ajira lilikubali humo kwamba hata mipangilio ya malipo ya mshahara wakati wa uhamisho inaweza kuwa hatua ya kutaarifiwa na kushauriwa. Fidia ilipunguzwa kutoka mishahara ya wiki 13 hadi 7, lakini ikalipwa.

Jumatano, 5 Machi

Hesabu ya mshahara. Nimeipigia kwenye ubao wa chumba cha chai, mbele ya watu, kwa mtu wa saa 20 kwa wiki anayelipwa kima cha chini cha taifa: pauni 11.44 kwa saa hadi 31 Machi, na pauni 12.21 kuanzia 1 Aprili, maana siku ya kuhama ndiyo siku kima kinapopanda.

Ijumaa ya 28 Machi anapokea wiki mbili zinazoishia Jumapili ya tarehe 23: pauni 457.60 kabla ya makato. Zinabaki siku sita za kazi hadi mwisho wa mwezi, saa 24, ambazo mwajiri wa zamani atazilipa 11 Aprili: pauni 274.56. Kisha kimya hadi 30 Aprili. Na kwa kuwa mwajiri mpya anafunga hesabu zake tarehe 15 ya kila mwezi, tarehe 30 hiyo atalipa siku 11 tu za kazi, saa 44: pauni 537.24. Baada ya hapo, kimya tena hadi 30 Mei.

Hakuna saa hata moja iliyoibwa hapo. Kila senti italipwa siku fulani. Lakini kodi ya nyumba haingoji siku fulani. Mama wa goti alikuwa ameketi mbele kabisa, akahesabu kwa vidole, kodi, umeme, nauli ya basi, akasema, "Basi tarehe 12 hadi 30 nitakula nini?" Ni Ramadhani, na nusu ya waliokuwa chumbani wamefunga, Idi itaangukia siku moja au mbili kabla ya huo uhamisho, na matumizi ya Idi kila mtu anayajua.

Tulipiga picha ya ubao ule. Ndiyo hoja yetu.

Jumanne, 11 Machi

Wamekuja. Mteja alimpigia simu mwajiri mpya, na mwajiri mpya akamtuma mkuu wa rasilimali watu pamoja na mtu wa malipo. Mtu wa malipo kuwapo ndiko kulikosaidia zaidi kuliko kifungu chochote: alipoona ile picha alichukua kikokotoo chake, akahesabu, akamwambia mkuu wake mbele yetu kwamba hesabu ni sahihi.

Tuliomba mambo matatu kuhusu mshahara: walipe kila wiki mbili kama sasa, ikishindikana, wasogeze siku ya kufunga hesabu, ikishindikana, watoe fedha ya kuvukia. La kwanza wamelikataa kwa maandishi, sababu mfumo wao wa malipo ni mmoja kwa wafanyakazi wote. La pili wamelikataa kwa sababu hiyohiyo. La tatu wamelikubali: kila anayetaka atapewa mshahara wa mbele wa wiki mbili, bila riba, siku ya Alhamisi 17 Aprili, kabla ya Ijumaa Kuu, na atakatwa kidogokidogo kwa miezi sita. Fomu ni ya hiari, na kiasi cha kukatwa kitaandikwa humo.

Zamu: dada wa Bukavu ndiye aliyeongea. Alikuja na ratiba za mabasi ya watu wake, akaonesha nani atakosa basi la mwisho akitoka saa 5 usiku, na nani ana watoto ambao mumewe huwaacha saa 3 na nusu kwenda zamu yake ya usiku. Akawakumbusha pia kwamba saa zetu zimeandikwa kwenye mikataba. Mabadiliko ya mkataba ambayo sababu yake kuu ni uhamisho hayana nguvu kisheria, isipokuwa mkataba wenyewe unayaruhusu au kuna sababu ya kiuchumi, kiufundi au ya mpangilio inayobadilisha nguvukazi yenyewe. Na mabadiliko makubwa yanayomdhuru mtu katika mazingira ya kazi yake yanaweza kumpa haki ya kujihesabu ameachishwa. Wamerudi nyuma: zamu inabaki saa 11 jioni, isipokuwa ghorofa mbili ambazo wapangaji wake hufanya kazi hadi saa 1, na huko watahamia wanaotaka wenyewe.

Programu ya uso: wengi hawana simu ya kuibeba, na wengine hawataki uso wao uhifadhiwe na mtu wasiyemjua. Itawekwa tableti moja kwenye mlango wa stoo, kwa namba ya siri, bila picha.

Alhamisi, 20 Machi

Tumegawiwa bahasha za kukaribishwa. Ndani mna fulana, kadi, na "mkataba mpya wa kusaini". Jioni hiyohiyo tumewaambia wote: fulana chukua, kadi chukua, mkataba usisaini bado. Tumeusoma sisi watatu. Kifungu cha 9 kinasema utumishi unaanza 1 Aprili 2025. Mzee wa Tanga aliucheka, akaufunga tena kwenye bahasha.

Tumemwandikia mwajiri mpya. Nyongeza, 27 Machi: jibu lilikuja kesho yake, kwamba ile ni fomu ya wafanyakazi wapya, ilitumwa kimakosa, na badala yake kila mtu atapata barua ya kuthibitisha masharti yake ya sasa pamoja na tarehe yake ya kuanza. Barua hizo zimefika leo. Ya mzee imeandikwa Novemba 2013. Za wale sita wengine nazo ziko sawa.

Jumanne, 1 Aprili

Tumehama. Tableti ilikataa namba za watu wawili, wakaandikwa kwenye daftari. Dada wa likizo ya uzazi alipiga simu kuuliza kama yumo. Yumo, nimeona jina lake. Waliobaki wamepiga deki kama jana.

Hakuna aliyekataa kuhama. Ilikuwa haki yao, na tuliwaeleza mapema uzito wake: anayekataa mkataba wake unaisha siku hiyo, na kwa kawaida hahesabiwi kuwa amefukuzwa, kwa hiyo hana malipo ya kupunguzwa kazini.

Jumatano, 30 Aprili

Fedha ya kuvukia ililipwa tarehe 17, kwa watu 22 walioiomba. Leo mshahara umeingia, kwa 12.21. Tumeketi na hati za mshahara saa nzima. Kasoro mbili: watu wa ghorofa ya sita hawakuongezewa posho yao ya kusafisha jiko, ambayo imo kwenye mikataba yao, na likizo waliyohama nayo watu watano imeonekana sifuri. Zote zimeandikwa leo kwa mtu wa malipo, yuleyule aliyekuja na kikokotoo.

Jumatano, 14 Mei

Posho ya ghorofa ya sita imekubaliwa, italipwa 30 Mei pamoja na ya Aprili. Likizo: watatu wamerekebishiwa, wawili bado, kwa sababu mwajiri wa zamani hakutuma kumbukumbu zao za Januari. Tumewaandikia waajiri wote wawili kwa pamoja.

Tumejadili pia kama tuupeleke mwenendo wa Februari kwenye baraza la kesi za ajira. Malalamiko ya kutotaarifiwa au kutoshauriwa hupelekwa ndani ya miezi mitatu tangu uhamisho, kwa hiyo kwetu mwisho ni 30 Juni, na lazima kuanza na usuluhishi wa ACAS, shirika la umma linalosuluhisha migogoro ya kazi. Fidia inaweza kufika mishahara ya wiki 13 kwa kila aliyeguswa, bila kikomo cha kiasi cha wiki, na waajiri wote wawili wanaweza kubebeshwa kwa pamoja. Wengi wamesema hatua zilikuja zimechelewa lakini zilijibiwa kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo hawataki kesi kwa hilo. Wanataka likizo ya wale wawili. Dada wa Bukavu ana maoni tofauti, nayo nimeyaandika kwenye muhtasari: taarifa ya kwanza ilikuwa karatasi ya mlangoni, na anayefuata naye atabandika karatasi mlangoni kama hili halitaandikwa mahali.

Tumekubaliana hivi: ikiwa likizo ya wale wawili haijarekebishwa kufikia 6 Juni, mimi na yeye tutaanza usuluhishi wa ACAS wiki hiyohiyo, na hoja ya karatasi ya mlangoni itaingia humo.